Fumbo la maneno limekwama kwenye kroketi: dalili, sababu na pa kuanzia kucheki

Kuna maswali yanajirudia mpaka nimeamua kuyaweka sehemu moja. Mtu anajaza fumbo la maneno la Kiingereza, anaenda vizuri tu, alafu anakutana na kidokezo cha kroketi na anaganda hapo hapo, maana huu mchezo wengi wetu hatujawahi kuushika mkononi, tunaujulia kwenye viboksi. Mi mwenyewe niliujulia huko. Na ukifuatilia wanavyokwama watu utaona ni kule kule kila siku, na sababu kubwa kuliko zote ni moja: mtu hajajua fumbo limetungwa Uingereza au Marekani. Vifaa ni vile vile ila majina huku mengine na kule mengine, idadi ya matao huku nyingine na kule nyingine, mpaka rangi za mipira zinatofautiana.

Kwa asiyejua kabisa: unapiga mpira kwa nyundo ya mbao yenye mpini mrefu kwenye uwanja wa nyasi, unaupitisha kwenye matao ya chuma yaliyochomekwa ardhini kwa mpangilio wake, na mwisho unagonga kigingi. Katikati ya hapo kuna kugongana mipira kwingi sana na ndo maneno magumu yanakotokea. Hiyo inatosha kuanzia.

Kabla ya dalili yoyote, angalia gridi

Hii cheki ni ya sekunde tano na inaokoa nusu saa. Fumbo la Kimarekani kila kiboksi kinakatizwa na neno jingine, yaani hamna herufi iliyokaa peke yake, neno fupi kabisa ni la herufi 3, na vidokezo havikuambii idadi ya herufi. Fumbo la Kiingereza cha Uingereza gridi yake imejaa viboksi vyeusi kama wavu, karibu nusu ya herufi za kila neno hazikatizwi na kitu, na mwisho wa kidokezo kuna namba ya herufi kwenye mabano. Ukishaona gridi ya wavu na namba, hiyo ni ya Uingereza au mtunzi anayefuata mtindo wa huko. Kama bado una wasiwasi tafuta neno kama colour au centre kwenye vidokezo vingine, tahajia itakuambia.

Na tumia penseli, nasema kabisa. Mi niliwahi kuandika CRICKET kwa kalamu ya wino kwenye kona ya juu kushoto, nikashupaa nayo siku mbili, kona nzima ikafa. Tutafika huko.

Dalili: najua ni lile tao, ila neno haliingii

Hii ndo namba moja. Kidokezo kinasema kitu kama "Croquet hoop" au "Croquet target", we unajua kinachotafutwa ni kile kichuma kinachopitiwa na mpira, unaandika, herufi zinazidi au zinapungua.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni kuvuka bahari bila kujua. Uingereza wanasema HOOP, herufi 4. Marekani wanasema WICKET, herufi 6. Kama gridi ni ya Kimarekani na nafasi ni 6, weka WICKET usifikirie mara mbili. Mtunzi wa Uingereza akitaka hilo hilo neno kwenye kroketi mara nyingi atakutupia ishara ya Marekani ndani ya kidokezo, maana kwa Mwingereza wicket ni kriketi moja kwa moja.

Ya pili ni ARCH. Nalo herufi 4 kama HOOP, na hapa watu wanaumia kwa sababu yote mawili yanaingia. Afadhali hayashei herufi hata moja mahali pamoja, moja ni H-O-O-P na jingine A-R-C-H, kwa hiyo herufi moja tu ya neno linalokatiza inamaliza ubishi. Ukiwa huna herufi hata moja, usijaze, ondoka nenda kona nyingine urudi baadaye. Kumbuka pia kwamba kidokezo chenyewe kikitumia neno hoop basi jibu haliwezi kuwa HOOP, inaonekana ni jambo la wazi lakini watu wanasahau wakiwa wamechoka.

Ya tatu ni kwamba haliongelewi tao kabisa, linaongelewa kigingi. Neno "target" au "goal" linaweza kuwa lolote kati ya hivyo viwili. Kigingi nacho kina majina ya huku na huku: PEG kwa Waingereza, herufi 3, STAKE kwa Wamarekani, herufi 5. Mchezo wa Kimarekani wa kwenye uwanja wa nyumbani una vigingi viwili, kimoja kila mwisho, kwa hiyo ukiona kidokezo kiko kwenye wingi kinataka STAKES. Uingereza kigingi ni kimoja, kinasimama katikati ya uwanja, na wingi hapo ungekuwa wa ajabu kidogo.

Dalili: nina CR mwanzo na ET mwisho, lakini haliendi

Hapa ndo mimi nilipozikwa na ile kalamu yangu. Kati ya maneno ya herufi 7 yanayoanza na CR na kuishia na ET, yanayochanganya hapa ni matatu: CRICKET, CROCHET na CROQUET. Moja mchezo wa kriketi, jingine ufumaji wa kroshia, na la tatu ndo letu. Alafu kibaya zaidi CRICKET na CROQUET yote ni michezo ya Kiingereza ya kwenye nyasi, na neno wicket linaingia kwenye yote mawili kama fumbo ni la Kimarekani. Kwa hiyo kidokezo kama "Game with wickets" hakikusaidii chochote, kinakucheka tu.

Cha kufanya ni kuacha kuangalia mwanzo na mwisho, hazina habari. Angalia katikati. Herufi ya 3 inatenganisha CRICKET na wenzake, ina I na wenzake wana O. Herufi ya 4 ni Q kwa CROQUET na C kwa hao wawili wengine. Herufi ya 5 ndo tamu kuliko zote maana zote tatu zinatofautiana: K, H, U.

Sasa kwenye gridi ya wavu jiulize herufi zipi zinakatizwa. Kama zinakatizwa ya 1, 3, 5 na 7 uko salama, ile ya 5 peke yake inakupa jibu. Kama zinakatizwa ya 2, 4 na 6, basi umebaki na ya 4 tu, maana R na E ni za wote. Ukipata Q hapo umemaliza. Ukipata C, kroketi imetoka, na CRICKET na CROCHET utazitenganisha kwa maana ya kidokezo, hakuna herufi itakayokuokoa.

Wengine wanakosea tahajia yenyewe kwa sababu ya matamshi. Waingereza wanalitamka kama "krokei", T mwisho haisikiki, na QU inasikika K tupu, ndo maana mtu anaandika CROKET au CROCKET na kushangaa. Tena kuna CROQUETTE, herufi 9, hicho ni chakula, kile kidonge cha viazi au nyama kilichoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Na CROTCHET ni noti ya muziki, herufi 8. Nafasi ikiwa ndefu kuliko 7 usilazimishe mchezo.

Na kama kidokezo ni "Lawn game" tu bila chochote, usikimbilie kroketi. BOWLS na BOCCE zina herufi 5, TENNIS 6. Hesabu kwanza.

Dalili: herufi 6, inaishia ET, na nina majibu matatu

MALLET, WICKET, ROQUET. Zote sita, zote ET, zote za kroketi. Sijui ni bahati mbaya ya lugha au nini, ila ukiwa na ET mwishoni huna kitu.

MALLET ni nyundo yenyewe. Ndo inayotokea sana, kwa hiyo kama kidokezo kinataja kifaa, kinachoshikwa, kinachopigia, anza nayo. WICKET tumeshaiongelea. ROQUET ni kitendo, kugonga mpira mwingine kwa mpira wako, kwa hiyo kidokezo kitakuwa na harufu ya kufanya: "Hit another's ball", "Croquet stroke", vitu kama hivyo. Cheki aina ya neno la kidokezo kabla ya chochote. Kama ni kitenzi, MALLET imekufa hapo hapo.

Kuna sababu ya chini chini ambayo haitokei sana ila ikitokea inauma: jibu ni HAMMER. Kidokezo kinataja kitu cha kugongea bila kutaja kroketi waziwazi, we kwa kuwa umeshajifunza maneno ya kroketi unaiona MALLET kila mahali. HAMMER na MALLET zinashea A kwenye nafasi ya 2 na E kwenye ya 5, kwa hiyo zinaweza kukudanganya muda mrefu. Herufi ya mwisho ndo msema kweli, R au T. Na kama ni ya hakimu au ya mnadani, hiyo ni GAVEL, herufi 5, na MALLET ya kucheza juu ya farasi ni ya POLO.

Dalili: wananiuliza rangi ya mpira

Watu wanadhani hili ni swali la kubahatisha. Wala. Mipira ya mchezo rasmi wa Kiingereza ni minne: bluu, nyekundu, nyeusi, njano. Bluu na nyeusi ni timu moja, nyekundu na njano timu nyingine. Kwenye Kiingereza idadi ya herufi inakupa jibu moja moja: RED 3, BLUE 4, BLACK 5, YELLOW 6. Yaani hazigongani kabisa, kama vile walipanga kwa ajili ya watunzi wa mafumbo.

Shida inaanza na seti ya Kimarekani ya mipira sita, ambayo inaongeza kijani na rangi ya chungwa. Sasa herufi 5 inaweza kuwa BLACK au GREEN, na herufi 6 inaweza kuwa YELLOW au ORANGE. Ukiwa kwenye gridi ya Kimarekani usijaze rangi ya 5 wala ya 6 bila herufi ya kukatiza. RED na BLUE jaza tu.

Kuna ngazi ya chini zaidi. Klabu za Uingereza zikitaka kuchezesha mechi mbili kwenye uwanja mmoja zinatumia seti ya pili: kijani, waridi, kahawia, nyeupe. Hapo PINK inaingia kwenye nafasi ya BLUE, na WHITE na BROWN zinaingia kwenye nafasi ya BLACK. Sijawahi kukutana na fumbo lililoenda huko, lakini ukiwa umekwama kabisa na herufi zinakataa, jua kwamba mlango upo.

Dalili: wananiuliza namba

Haraka haraka. Matao: SIX kwa mchezo rasmi wa Kiingereza, NINE kwa ule wa Kimarekani wa nyumbani. Ila angalia, klabu za Marekani nazo zina mchezo wao wa matao sita, kwa hiyo SIX inaweza kutokea hata kwenye gridi ya kule. Mipira ya mchezo rasmi: FOUR. Pointi za kumaliza mechi ya kawaida upande mmoja ni 26, kwa sababu kila mpira unapita tao mara 12 na kugonga kigingi mara moja, hizo 13, mara mipira miwili. Michezo ya Olimpiki: kroketi ilichezwa Paris mwaka 1900 basi. Na wakitaja Wimbledon usishtuke, ile klabu maarufu ya tenisi ilianzishwa mwaka 1868 kama klabu ya kroketi, tenisi ikaja baadaye, na mpaka leo neno Croquet limo kwenye jina lake kamili.

Dalili: neno lenyewe sijawahi kuliona duniani

Umekatiza kila upande, herufi zote ziko sawa, unasoma T-I-C-E na unasema hapana, hii sio lugha. Kumbe ni lugha. Hapa kosa la kawaida ni mtu kufuta jibu sahihi kwa sababu halimkai mdomoni, na akishafuta anaharibu na yale yaliyokuwa sawa.

TICE ni mpira uliouacha kwenye umbali wa kumtamanisha mpinzani aupige, akikosa unamwadhibu. Neno limetoka kwenye kutamanisha, ile entice iliyokatwa kichwa. Watunzi wanaipenda kwa sababu ina herufi rahisi.

ROQUE ni mchezo kabisa, mtoto wa kroketi aliyezaliwa Marekani. Unachezwa kwenye uwanja mgumu uliozungushiwa ukingo ambao mpira unaweza kuudundia, na jina lake walilipata kwa kung'oa C na T kwenye CROQUET. Ulikuwa kwenye Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904, washindani wanne, wote Wamarekani, hivyo medali hazikwenda mbali. Kidokezo cha "Croquet variety" au "Croquet cousin" chenye nafasi 5 ni hii, karibu kila mara.

PEEL ni kuupitisha mpira mwingine, usio wa kwako wa kupiga, kwenye tao lake. Jina la mtu, Walter Peel, mchezaji wa karne ya 19. Kwa hiyo usitafute uhusiano na kumenya matunda, haupo, ingawa mtunzi atautumia kukuchanganya.

BISQUE ni zamu ya ziada anayopewa mchezaji dhaifu ili mechi iwe na usawa. Pia ni supu, pia ni udongo uliochomwa bila kung'arishwa. Neno moja kazi tatu, ndo maana linapendwa.

ROVER ni mpira uliokwisha kupita matao yote na unangoja kigingi tu. RUSH ni kugonga mpira mwingine kwa makusudi ili uende unapotaka wewe.

Alafu wengi wanachanganya ROQUET na CROQUET kama kitendo. ROQUET ni ule mgongano. Ukishagonga, unauokota mpira wako unauweka ugusane na ule uliougonga, unapiga yote miwili kwa pigo moja, hilo pigo ndo linaitwa CROQUET, sawa na jina la mchezo wenyewe. Kumbuka hivi: moja inakuja kwanza na ni fupi, nyingine inafuata na imeongezewa C mbele.

Vitenzi hivi viwili vikiwa kwenye wakati uliopita havidabo T. ROQUETED, herufi 8. CROQUETED, herufi 9. Ukiandika TT umeharibu hesabu.

Dalili: nina Q mkononi na sijui pa kuitupa

Hii ni ya wachezaji wa Scrabble zaidi, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi. Q iko moja tu kwenye mfuko wa Kiingereza, pointi 10, na familia ya kroketi ni moja ya mashimo mazuri ya kuitumbukiza. ROQUE inakupa 14 kabla ya viboksi vya rangi, ROQUET 15, CROQUET 18. Na CROQUET ukiishusha kama zamu ya kwanza ya mchezo, vigae vyote saba vimetoka: 18 mara mbili kwa nyota ya katikati ni 36, jumlisha 50 za kumaliza vigae, angalau 86. Ni ndoto lakini watu wanaiota.

Matatizo yanayoripotiwa: mwenzako anabisha. Sababu ya kwanza, mnatumia orodha mbili tofauti za maneno. ROQUE na ROQUET hazina shida popote, ila TICE iko kwenye orodha ya Collins na kwenye ile ya Marekani haimo. Kubalianeni orodha kabla ya kuchomoa kigae cha kwanza, kwa sababu katikati ya mchezo kila mtu atakuwa mwanasheria. Sababu ya pili, umeandika ROKET au CROKET, na hapo hamna utetezi.

Simama hapa: kama uko kwenye mashindano, usianze kueleza mchezo wa kroketi mezani na usiguse simu kucheki. Simamisha saa, mwite mwamuzi, yeye ana orodha. Neno likikataliwa unarudisha vigae na zamu imekwenda, kwa hiyo TICE kwenye mashindano ya Kimarekani ni hasara ya kujitakia.

Dalili: kidokezo kina Alice ndani yake

Ni kile kitabu cha Lewis Carroll cha 1865, ambamo Malkia wa Kopa anachezesha kroketi ya vichaa: nyundo ni ndege heroe walio hai, mipira ni kalunguyeye walio hai, na matao ni askari wa karata waliojikunja wakashika chini kwa mikono na miguu. Watunzi hawachoki nayo.

Mtego ni huu: FLAMINGO herufi 8, HEDGEHOG herufi 8. Ukiweka wingi, FLAMINGOS 9 na HEDGEHOGS 9, bado zinalingana! Kwa hiyo hesabu haisaidii, soma kidokezo kama kinauliza nyundo au mpira. Ukishindwa kuelewa, herufi yoyote moja ya kukatiza inatosha, kwa sababu kwenye umoja hayo maneno mawili hayafanani hata nafasi moja, nimeyapanga juu na chini nikahakikisha. Kwenye wingi S ya mwisho peke yake ndo ya wote. Ukipata nafasi 10, ni FLAMINGOES, tahajia ya pili inayokubalika.

Na OSTRICH? Ipo. Kwenye muswada wa mwanzo wa mwandishi nyundo zilikuwa mbuni, akabadilisha baadaye. Mtunzi mkorofi tu ndo atakupeleka huko.

Dalili: kidokezo hakina maana yoyote, ni kama mtu anaota

Basi hicho ni cha mafumbo ya kuficha, yale ambayo kidokezo kina maana kwenye ncha moja na mchezo wa herufi kwenye ncha nyingine. Usikisome kama sentensi. Nimetunga vichache hapa uone vinavyofanya kazi.

"Some small etching tool used on the lawn", herufi 6. Neno some linasema chukua kipande. Chukua kipande cha small etching: s-MALL ET-ching. MALLET imekaa humo inakutazama.

"Bear sent back for croquet arch", herufi 4. Dubu wa hadithi za watoto ni POOH, mgeuze arudi nyuma, HOOP.

"Right, finished: ball that's nearly home", herufi 5. Right ni R, finished ni OVER, unganisha ROVER. Ukitaka kuchukia zaidi, over nayo ni neno la kriketi, ova, kwa hiyo mtunzi anaweza kukupeleka kriketi akurudishe kroketi ndani ya maneno matano.

"Fine linen where croquet is played", herufi 4. Maana mbili za neno moja: LAWN ni uwanja wa nyasi na pia ni kitambaa chepesi laini.

Cheki ya kwanza siku zote: tafuta ishara ya kugeuza, kukata au kuchanganya. Ya pili: jaribu kuchukua CROQUET na kuivua. Ivue C unapata ROQUET, ivue C na T unapata ROQUE. Mtunzi akisema kitu hakina mwanzo, au kimevuliwa nguo, au kimepoteza mipaka, jaribu hiyo.

Simama hapa: ukifika mahali una maneno mawili yanayokatizana, yote umeyathibitisha kwenye kamusi, yote yanajibu vidokezo vyao sawasawa, na herufi ya makutano haikubaliani, acha kufuta. Fumbo lenyewe linaweza kuwa na kosa, namba ya herufi imechapwa vibaya au kidokezo kimehamia mstari mwingine. Subiri jibu litoke, au mwandikie mhariri wa mafumbo, hiyo ndo kazi yake. Kwenye apu, kabla ya kulaumu, futa neno zima uliandike upya, mara nyingine kiboksi kimoja kina herufi ya zamani na jicho limeshaizoea.

Dalili: nimetunga fumbo langu la Kiswahili, wote wamekwama pale pale

Hawa ni wachache ila wananiuliza kwa hasira kuliko wengine. Umetunga fumbo la Kiswahili, umeweka kroketi, watu wanakurudishia majibu mawili tofauti na kila mmoja anaapa yeye ndo sahihi.

Kwanza, kama umeingiza CROQUET yenyewe, toa. Q hatuna, na C kwetu haikai bila H, kwa hiyo maneno ya kukatiza utayatoa wapi. Pili, kama umetumia tao au kigingi bila kutaja mchezo, msomaji ataelewa tao la nyumba na kigingi cha hema, ongeza neno moja la kumwelekeza.

Ya tatu ndo inayoua, na mtu haioni mpaka aonyeshwe. KROKETI ina herufi 7. KRIKETI ina herufi 7. Tofauti ni kiboksi kimoja, cha 3, O au I. Ikiwa gridi yako inakatiza ya 2, 4 na 6, msomaji anapata R, K na T, na kwa herufi hizo maneno yote mawili yako sawa milele, hata akeshe. Sogeza neno kiboksi kimoja ili ya 3 ikatizwe, au kwenye kidokezo taja kitu ambacho kriketi haina: nyundo.

Na kama unatungia gazeti au mashindano ya zawadi, mpe mtu mmoja anayecheza kroketi kweli kweli asome vidokezo vyako kabla havijatoka. Sio mimi. Mi sijawahi kugonga hata mpira mmoja.